Popo si Lori

Injini ilikuwa haijawashwa hata mara moja, na tayari watu walikuwa wanabishana. Gereji ya baba iko Tabora mjini, na mlangoni pana benchi la chuma alilolichomelea mwenyewe kwa ajili ya wateja. Wateja hawalikalii. Wanaolikalia ni wanywa kahawa, madereva wa bajaji waliokosa abiria, na mtu yeyote mwenye maoni. Siku mimi na baba tuliposukuma kile chombo chetu nje ili tukione kwenye mwanga, benchi zima lilisimama.

"Hii ni pikapu," alisema mmoja.

"Pikapu gani haina milango?"

"Basi ni trekta."

"Trekta gani ina viti viwili mbele, tena vya kustarehe?"

Jirani yetu mmoja, dereva wa teksi, alilizunguka gari lile pole pole huku mikono iko mgongoni. Huyu ni mtani wa baba. Kwao na kwetu ni watani tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo ana ruhusa ya kusema lolote juu yetu, hata msibani, na sisi hatuna ruhusa ya kununa. Alipiga teke tairi, akainama kuchungulia chini, akasimama.

"Hiki," alisema, "ni kitanda cha hospitali kilichotoroka."

Mimi nina hasira za karibu, nakiri. Nilikuwa bado nimeshika grenda ya kukatia chuma mkononi, na kama baba asingenishika bega, sijui. Mafundi wa kike hatuko wengi pale mtaani, na kila ninachotengeneza hukaguliwa mara mbili, mara ya pili kwa kicheko. Nilikuwa nimetoa jasho kwenye kile chombo msimu mzima wa kiangazi. Sikutaka kusikia habari za kitanda.

Aliyemaliza ubishi ni mama, aliyekuwa amekuja na chakula cha mchana na hana muda wa kupoteza na watu wazima wanaogombania chuma. "Popo anaruka na ana meno," alisema, "na sijaona mtu akimzuia kuruka mpaka aseme yeye ni ndege au ni mnyama. Mwiteni Popo. Njooni mle." Tukala. Jina likabaki.

Niseme kwa utaratibu Popo ni nini, maana hadi leo naulizwa. Kuna kigari kinachoitwa bagi, ambacho watu wa nchi za mbali hukiendesha jangwani kwa kujifurahisha: mifupa ya mabomba, viti, injini na matairi mapana, basi. Hakina bodi, hakina kioo, na hakibebi chochote isipokuwa dereva na wazimu wake. Baba alikiona kwenye simu ya mteja kikiruka tuta la mchanga na kutua kikiwa kizima. Aliitazama video ile tena na tena mpaka mwenye simu akaanza kuhofia bando lake.

"Kikiweza kuruka," baba aliniambia mteja alipoondoka, "hakiwezi kubeba?"

Alikuwa anafikiria warina asali. Huku kwetu asali iko ndani kabisa ya misitu ya miombo, na mvua zikianza, njia za kuifuata huwa hazina maana. Pikapu ni nzito, inazama. Pikipiki inapita, lakini inapita na ndoo mbili na maombi mengi. Baba alitaka kitu chepesi mbele kama bagi na chenye mgongo wa pikapu nyuma.

Sasa, watu wengi hudhani kwamba ukikata pikapu kuukuu na kuichomelea mabomba umeshapata kitu cha namna hiyo. Hujapata. Umeiharibu pikapu ya watu. Na ukifunga karai nyuma ya bagi hujapata kitu vilevile. Mimi nasema hivi, na nitabishana na yeyote: mifupa lazima iwe kitu kimoja. Bomba lianzie mbele ya miguu ya dereva, lipande juu ya kichwa chake, lishuke mgongoni na kwenda kushika bodi ya mizigo bila kukatika. Springi ziwe ndefu, kila tairi ipande na kushuka kwa wakati wake bila kuuliza mwenzake, na tumbo lisiguse visiki. Na huko nyuma kuwe na mzigo wa kweli. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya kupigiwa picha halimo kwenye mazungumzo haya.

Pale bomba linapotoka mbele na kuingia nyuma pana mshono mmoja mkubwa, mnene kama kidole gumba. Nilichomelea mimi. Baba alisimama kando na kunitazama, na nilipomaliza alipitisha kidole juu yake, akaenda kunawa mikono bila kusema kitu. Kwa baba, hiyo ni sifa kubwa.

Safari ya kwanza tulikwenda kuchukua asali kwenye kijiji kimoja magharibi ya Kwihara, tunakoishi, ndani kabisa. Mfugaji nyuki mmoja kijana alitoka kutupokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, na majibu yangu yalikuwa makali. Lakini yeye hakuuliza hiki ni kitu gani. Alikitazama, akakivuta vuta bomba la juu kwa mikono yote miwili, akauliza kama breki zinashika.

"Zinashika," nikasema.

"Vizuri," akasema, akaanza kupakia ndoo.

Nilifurahi mno. Nilirudi mjini nikiwa naimba, na baba kwenye kiti cha pembeni akijifanya hasikii. Safari za asali zikaongezeka, hata wakati ambapo asali yenyewe haikuwa nyingi. Mwisho wake posa ya yule kijana ikaja, ikakubaliwa, na nikaambiwa nichague ninachotaka siku yangu.

Sikutaka kingi. Nilitaka kuondoka kwetu ndani ya Popo. Hilo tu. Nilitaka niondoke nyumbani kwa baba ndani ya kitu nilichokitengeneza na baba, naye akiwa kando yangu. Nilipomwambia, aliangalia pembeni, akasema atapaka rangi upya. Nikajua naye alikuwa anataka kama mimi, pengine kuliko mimi.

Tatizo lilikuwa shangazi.

Kwetu harusi ni ya shangazi. Baba anatoa binti, mama anapika na kulia, lakini shangazi ndiye anayemtoa bibi harusi mlangoni, anayemsindikiza njia nzima na kumkabidhi kwa mkono wake. Shangazi akisema haondoki, hakuna anayeondoka. Na huyu wangu, dada mkubwa wa baba, ni mjane mnene, mcheshi, mwenye nyumba yake ubavuni mwa yetu pale Kwihara, na neno lake huwa la mwisho hata kama hakuna aliyemuuliza. Aliposikia habari za Popo alipanda bodaboda mpaka mjini, akaingia gereji na buibui lake, akakataa kiti.

"Hilo ndilo?"

"Ndilo, dada," alisema baba.

Alilizunguka. Aligonga boneti, akatikisa kiti, akafika nyuma, akasimama hapo muda mrefu akiangalia bodi ya mizigo.

"Hili ni lori," akasema.

"Shangazi, si lori," nikadakia. "Tazama, mbele ni—"

"Mbele nimepaona. Nyuma pia nimepaona. Lina mahali pa mizigo. Kitu chenye mahali pa mizigo ni chombo cha mizigo. Hata punda ana mahali pa mtu kukaa."

"Na likiwa tupu?" aliuliza baba. "Tukiondoa kila kitu, abaki yeye tu?"

"Hata likiwa tupu. Unajua kwa nini, ndugu yangu. Usijifanye hujui."

Baba aliinamisha kichwa. Mimi sikujua, na sikuificha hasira yangu. Nikauliza ni sheria gani hiyo, na iliandikwa wapi. Shangazi alinitazama. Nilidhani atanigombeza, lakini alikaa kwenye kile kiti alichokikataa.

Akaniambia habari ya bibi wa bibi yake. Alikuwa mtoto mdogo alipoletwa kutoka magharibi, kwa ile njia ya misafara inayopita karibu na nyumba zetu, wakati ambapo watu walikuwa wanauzwa. Njiani miguu ilimshinda. Wakampakia juu ya punda, juu ya mizigo. Walipofika Tabora, mwenye msafara alisimama kuhesabu vitu vyake, na alipofika kwa punda yule alihesabu pembe za ndovu, akahesabu vitambaa, akamhesabu na yeye, bila hata kubadilisha sauti. Hilo ndilo alilolikumbuka mpaka uzeeni. Njaa aliisahau, lakini sauti ile hakuisahau. Baadaye akawa huru, akaolewa hapa hapa, akazaa, na binti yake alipoolewa aliweka sharti: hakuna mwanamke wa nyumba yake atakayetolewa kwao juu ya chombo cha mizigo.

"Nilitembea kwa miguu siku ya harusi yangu," alisema shangazi. "Gari lililopatikana lilikuwa lori. Nikatembea, na nilikuwa nimenenepa tayari."

Hasira yote iliniisha, nikabaki na huzuni, na huzuni ile haikuwa na mtu wa kuilaumu. Nilimwambia nimeelewa. Alinipapasa shavu kwa kiganja chake, akaondoka na bodaboda yake. Jioni ile baba alifunika Popo kwa turubai ingawa hapakuwa na dalili ya mvua.

Ikapangwa hivi: Popo atabeba mizigo, akiendeshwa na baba. Mimi na shangazi tutafuata nyuma ndani ya teksi ya yule mtani. Yaani gari langu litabeba masufuria yangu, na mimi nitabebwa na mtu aliyeliita kitanda. Mtani alifurahi kupita kiasi. Aliiosha teksi yake siku mbili mfululizo na kuifunga maua ya karatasi.

Ilikuwa majira ya maembe. Ndoa ilifungwa asubuhi, bwana harusi na watu wake wakatangulia kwa pikipiki, na akina mama wa kwetu wa kusindikiza wakafuatana nao. Mama, kama ilivyo desturi, alibaki nyumbani. Tulipokuwa tunatoka, mvua iliyokuwa inatunyemelea tangu alfajiri ikashuka yote kwa mpigo, kisha ikaacha, na jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Baba akawasha injini. Nyuma ya Popo kulikuwa na sanduku langu, mkeka, ndoo, masufuria, na juu ya vyote godoro jipya likiwa bado ndani ya nailoni yake. Sisi tukafuata, mimi kiti cha nyuma na shela langu, shangazi mbele akiwa amevaa viatu vipya vyenye kisigino kidogo, na mtani akipiga honi kuwasalimu hata ng'ombe.

Mpaka kijijini kule lazima uvuke mbuga. Wasioijua mbuga ya kwetu hudhani ni nyika ya kutazama wanyama. Hii ni bonde la udongo mweusi, ambao kiangazi ni mgumu unapasuka, na ukinywa mvua kidogo unalainika na kushika chochote kinachopita, iwe tairi au kwato. Popo aliingia mbele yetu. Nilitoa kichwa dirishani kumtazama. Kila tairi ilifanya kazi yake, moja juu, moja chini, tope likiruka pande zote, godoro likinesa, na kichwa cha baba kimetulia katikati ya yale mabomba kama mtu aliyeketi sebuleni. Alivuka. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu mle ndani ya teksi.

"Acha ushamba," alisema mtani. "Tazama gari linavyovuka."

Aliingia. Tukaenda kidogo. Kisha teksi ikatoa sauti ya kumeza, ikakaa. Alikanyaga mafuta, matairi yakazunguka, maua ya karatasi yakapata tope, na kadiri alivyokanyaga ndivyo tulivyoshuka. Alipozima injini kukawa kimya, vyura tu.

"Inapumzika," alisema.

Shangazi alicheka mpaka miwani ikamtoka.

Baba aligeuza, akarudi, akafunga kamba na kutuvuta kinyumenyume mpaka kwenye udongo mgumu tulikotoka. Popo hakuhangaika. Lakini sasa tulikuwa upande ule ule, na ng'ambo walikuwa wanatungoja na pilau. Teksi haivuki. Hilo lilikuwa wazi hata kwa mtani. Nilimtazama baba, baba akanitazama, na sote wawili tukaangalia chini, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja. Nilikuwa nimeshatoa neno langu. Sikutaka kumbana shangazi yangu kwenye tope.

"Tutatembea," alisema shangazi. "Nimewahi kutembea."

Alipandisha buibui, akakaza kanga kiunoni, akaingia mbugani wa kwanza, kidevu juu. Nikakunja gauni langu nimfuate. Hatua za mwanzo alikwenda vizuri. Kisha mguu mmoja ukazama mpaka kwenye ugoko, alipotaka kuuvuta, ule mwingine nao ukazama, na akasimama pale pale, wima, bila uwezo wa kwenda mbele wala nyuma.

"Shangazi, vipi?"

"Naangalia mandhari."

Tulijaribu kumvuta, mimi mkono huu na mtani mkono ule, tukaishia kuzama sisi. Kicheko kilitumaliza nguvu. Yeye ndiye aliyeanza, na yeye akicheka hucheka kwa mwili wote, na kila alipocheka alizidi kushuka. Machozi yalinitoka na wanja ukateremka mpaka kidevuni. Sijawahi kufurahi vile nikiwa na shida kiasi kile.

Baba alimleta Popo kwa kurudi nyuma, taratibu, mpaka bodi ya mizigo ikafika karibu na kiuno cha dada yake. Akapanda nyuma, akamshika chini ya makwapa. "Sukumeni," akasema. Mimi na mtani tukasukuma kutoka chini bila heshima yoyote. Tope lilimng'ang'ania, likafikiri, likamwachia kwa mlio mmoja mkubwa, na shangazi akatua juu ya godoro langu la harusi, chali, miguu juu. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Kiatu cha pili kimo mbugani mpaka leo.

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, kwa sababu shangazi alikuwa ameacha. Alikaa vizuri. Akatengeneza buibui. Akaangalia sanduku upande huu, masufuria upande ule, na mabomba juu ya kichwa chake. Nilimwona anaelewa mahali alipo.

"Niko wapi?" aliuliza.

"Nyuma, dada," alisema baba. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nyuma ya nini?"

"Ya... ya gari."

"Pa mizigo."

Baba alimnyooshea mkono, "Nikushushe?"

"Mimi ni mzigo?"

Ukiwa ndugu huwezi kujibu swali kama lile, ukisema ndiyo umeharibu na ukisema hapana umembishia. Mwenye haki ya kujibu alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesimama kwenye tope hadi magotini ameshika ubavu wa Popo.

"Kwa uzito, ndiyo," alisema mtani. "Mgongo wangu ni shahidi."

Shangazi alimtazama. Kisha akaanza kucheka tena, akacheka mpaka godoro likawa linaruka na nailoni yake, akampiga mtani kofi la kichwa, kofi la tope, na mtani akalipokea kama inavyotakiwa. Alipotulia alifuta macho kwa ncha ya kanga. Aliweka mkono wake juu ya lile bomba linaloshuka kutoka mbele, karibu kabisa na mshono wangu.

"Mimi si mzigo," akasema, na sasa alikuwa anazungumza na baba. "Na bibi yetu hakuwa mzigo. Maisha yangu yote nimemchukia yule punda. Lakini punda alifanya nini? Alimbeba mtoto aliyechoka. Aliyekosa ni yule aliyehesabu."

Akanigeukia.

"Panda, mwanangu. Kaa mbele, kaa nyuma, kaa unapotaka. Utakapokaa wewe ndipo pa mtu."

Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, na wanja wote ukaisha. Baba alishuka, akatembea kwenye tope mpaka mlangoni, pale ambapo pangekuwa na mlango, akasimama kando ya kiti cha dereva bila kukikalia. Akanipa ufunguo.

"Breki zinashika," alisema.

Nikapanda upande wa usukani, shela nimelikaza shingoni, gauni nimelikusanya mapajani. Baba akakaa kushoto kwangu. Mtani, ambaye tulimwambia abaki na teksi yake, alisema hawezi kukosa pilau kwa sababu ya kosa la udongo. Akadandia bomba la pembeni na kushikilia kwa mikono miwili. Nikaingiza gia. Popo aliondoka na tope lake, na niliisikia kila tairi chini yangu, moja baada ya nyingine, jinsi ilivyokuwa inatafuta na kupata. Nilikuwa nayajua mabomba yale kwa majina yao yote ya ufundi na kwa majeraha yote ya vidole vyangu. Nyuma shangazi alikuwa amechukua sufuria na mwiko, anapiga na kuimba wimbo wa kumtoa bibi harusi, na alipofika kwenye kiitikio aliitikia mwenyewe, maana mtani hakuujua na baba alikuwa anatazama pembeni.

Kijiji kizima kilikuwa njiani. Nadhani walisikia sufuria kabla ya injini. Mume wangu alisimama mbele na kanzu yake nyeupe, akaniona kwenye usukani, uso wenye madoa ya tope na wanja, na alicheka kwa furaha ya wazi kabisa, kichwa nyuma. Sikuwa na shaka yoyote siku ile, lakini kama ningekuwa nayo, ingeishia pale.

"Mwadila, mayu! Mwadila!" walimsalimu shangazi kwa lugha ya nyumbani, naye akaitikia akiwa juu ya godoro kama vile huko ndiko anakokaaga kila siku.

Kwao, vyombo vya bibi harusi vikifika, hushushwa kimoja kimoja na kutangazwa kwa sauti ili watu wote waone na kushangilia. Mwanamke mmoja wa upande wa mume wangu, mwenye sauti ya kufika mbali, ndiye aliyekuwa na kazi hiyo. Alisimama nyuma ya Popo, akaanza.

"Sanduku moja!" Vigelegele. "Mkeka mmoja!" Vigelegele. Akaja kwenye ndoo, akaja kwenye masufuria, na kila kitu kilipita mikononi mwa watu kikacheza kidogo hewani kabla ya kuingia ndani. Mwisho likabaki godoro, na juu ya godoro shangazi, kiatu kimoja, mwiko mkononi. Yule mwanamke alikuwa amechangamka. Hakuwa na nia mbaya hata chembe.

"Na shangazi mmoja!" alitangaza.

Watu waliangua kicheko. Mkono wa baba ulikamata bega langu.

Shangazi hakununa. Alikuwa bado anatabasamu. Aliweka mwiko chini, akainua kiganja.

"Hapo ruka, mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi sihesabiwi."

Walidhani ni maringo ya shangazi wa bibi harusi, ambayo ni haki yake, wakazidi kushangilia. Yule mwanamke akaomba radhi kwa kupiga goti, huku anacheka, akamwamkia shikamoo, na shangazi akaitika marahaba. Baba alikwenda mbele ya Popo, akafungua boneti ambayo haikuwa na tatizo lolote, akainama humo muda mrefu, na alipoinuka alikuwa na oili mpaka kwenye kope. Mimi nikanyoosha mkono. Shangazi akaushika, akashuka, mguu wenye kiatu kwanza, kisha ule mtupu, akasimama juu ya ardhi ya watu na kuwatazama wote.

Baada yake wakashusha godoro, nalo likahesabiwa.